Fungate ya Gari Jipya

Shemeji yangu, kaka mkubwa wa mume wangu, alikuwa Arabuni akifanya kazi ya kuchimba visima, na alikuwa na tabia ya kuleta zawadi ambazo hakuna aliyeziomba. Mwaka mmoja alituletea pasi ya umeme, na nyumba yetu pale Kibiti haikuwa na hata waya. Mwaka uliofuata akaleta zulia ambalo halikuenea chumba chochote, tukalikunja na kulisimamisha pembeni ya ukumbi, na wageni wakawa wanalisalimia gizani wakidhani ni mtu. Kwa hiyo alipoandika barua kwamba safari hii analeta gari, mume wangu aliisoma mara mbili, akaikunja, akasema, "Tutaona halina nini."

Ilikuwa miaka ya ruksa. Sabuni ilikuwa imerudi madukani, mitumba imejaa, na kila mwenye ndugu ng'ambo alikuwa anangojea kitu bandarini. Gari likaja, na halikukosa kitu. Lilikuwa pikapu jipya kabisa, jeupe, refu kuliko ukumbi wa nyumba yetu, la petroli, na injini yake ya silinda nane ilinguruma kwa sauti nene kama mtu mzima anayesafisha koo kabla ya kuhutubia. Viti vyake vilikuwa bado vimefungwa nailoni. Usukani ulikuwa upande wa kushoto.

Mume wangu alikuwa mnunuzi wa kamba. Boti zilikuja kutoka Salale na visiwa vya delta mpaka Nyamisati, yeye akapokea mzigo, akaupanga kwenye masanduku ya barafu, akaupeleka Dar es Salaam kwa malori ya kukodi. Malori yale yalikuwa na ugonjwa wao: yakibeba mahindi hayaharibiki, yakibeba kamba yanaharibika. Kwa hiyo kwa miaka mitatu alikuwa na tela lake, amelichomelesha kwa fundi mmoja kutoka Mtawanya juu ya ekseli ya lori bovu, limekaa chini ya mkorosho nyuma ya nyumba likingoja gari la kulivuta. Kuku walikuwa wanataga humo.

Jioni ile gari lilipofika, majirani wamelizunguka wanaligusa kwa ncha za vidole, aliniita. "Mwalimu."

Mimi nilikuwa nikifundisha shule ya msingi. Lakini mume wangu aliniita Mwalimu pale tu alipohitaji Kiingereza. Siku nyingine zote nilikuwa mama watoto.

"Kuna kitabu," akasema. "Kisome chote, uniambie gari linataka nini."

Kilikuwa kitabu kinene, kimekaa kwenye kikasha cha mbele ya kiti. Nilikisoma usiku wa siku mbili. Siku ya tatu, baada ya chakula, tukaketi mkekani, yeye na kalamu na mgongo wa kalenda ya mwaka uliopita.

"Kilomita elfu moja za mwanzo," nikamwambia, "gari lisivute kitu. Wala tela, wala gari jingine."

Kalamu ikasimama. Akatazama kule kwenye mkorosho. "Elfu moja?"

"Ndivyo walivyoandika. Injini bado ngeni, vyuma vyake havijazoeana. Tena usiende mwendo mmoja muda mrefu. Upandishe mwendo, ushushe, upandishe, ushushe. Usikanyage mafuta mpaka mwisho. Usifunge breki kwa ghafla. Kila ukijaza petroli uangalie oili."

Akaandika yote kwa herufi kubwa, kwa heshima ya mtu anayeandika wasia. Nami nikamtazama, na hapo ndipo shetani aliponipitia.

Mume wangu alikuwa mtu mpole nyumbani. Hakunipandishia sauti kwa ajili ya chumvi wala kwa ajili ya watoto. Lakini akiingia ndani ya chombo cha moto aligeuka mtu mwingine. Aliwakaripia madereva, wenye baiskeli, wenye miguu, mbuzi, kalavati, na mimi niliyekaa pembeni nimenyamaza. Nilishasafiri naye kwenye lori la kukodi mpaka Dar es Salaam, na nilishuka nikiwa nimeitwa majina ambayo hata wanafunzi wa darasa la saba hawayajui.

"Tena kuna hili," nikasema, nikageuza ukurasa kama ninayetafuta mstari. "Dereva asipaze sauti ndani ya gari. Vioo bado havijashikamana na mpira wake. Sauti kali huviregeza."

Akainua macho. "Hata kukohoa?"

"Kukohoa hawajasema."

Akaandika.

Basi tukaanza kuzitafuta hizo kilomita. Kila siku nikitoka shuleni nilimkuta amekwisha lifuta gari vumbi, ananingoja, maana hakutaka kwenda bila kitabu na kitabu hakikwenda bila mimi. Tuliteremka mpaka Ikwiriri, tukarudi. Tulipanda mpaka Bungu, tukarudi. Hatukuwa tunakwenda kwa mtu. Ndugu zangu wa Ikwiriri waliona tunafika, tunageuza gari mbele ya mlango wao na kuondoka, wakatuma mtu kuuliza wamekosa nini.

Nailoni ya viti hakuitoa. Alisema mwenye kiwanda ameiweka kwa makusudi. Kwa joto la kwetu, ukikaa dakika kumi umeshikana na kiti, na ukiinuka inatoka sauti ya aibu ambayo huwezi kuieleza mbele za watu. Nilianza kupanda na mkeka mdogo wa kusalia nikaukalia, akanikataza, eti ukili utakwaruza nailoni.

Na ule mwendo wa kupanda na kushuka! Tulikuwa tunakimbia hatua mia mbili, halafu tunatambaa, halafu tunakimbia tena. Jirani mmoja alikuja barazani kwa siri kumwambia mama mkwe wangu, tuliyekuwa tunaishi naye, kwamba mwanawe ameonekana barabarani analewa mchana. Mama mkwe wangu alikuwa anachambua mchele. Hakuinua hata kichwa.

"Halewi," akasema. "Gari limo fungate. Bi harusi humfanyishi kazi siku saba za kwanza, na lile nalo hivyo hivyo. Siku zake zikiisha litachota maji."

Habari hiyo ikaenea sokoni kabla ya magharibi. Toka siku ile tukipita, wanawake walikuwa wanapiga vigelegele.

Lakini kilichonifurahisha mimi ni ile sauti. Mume wangu alishika amri yangu kama faradhi. Mwenye baiskeli alikata mbele yetu pale stendi, na mume wangu akajaa hewa, akanyanyua kidole, halafu akakumbuka vioo. Akateremsha hewa polepole.

"Mjinga wewe," akanong'ona.

Mwenye baiskeli hakusikia. Alitupungia mkono. Mbuzi alinong'onezwa, lori la chumvi likanong'onezwa, na mimi nilipoacha mlango haujafungika vizuri nilinong'onezwa kwa upole uliofanana na mahaba. Wiki tatu nilikaa katika gari lile kama malkia.

Ugumu ulikuwa mmoja tu. Kwa kuwa usukani ulikuwa kushoto, mimi nilikaa kulia, mahali ambapo nchi nzima imezoea kumwona dereva. Na nilikuwa na kitabu kimefunguliwa mapajani, maana kila taa ndogo ikiwaka aliniuliza ni ya nini. Watu wa pembeni ya barabara hawakuwa na nafasi ya kuchunguza. Walichoona ni mwalimu wa shule anapita mbio, hajashika kitu, anasoma.

Askari wa barabarani alitusimamisha siku ya tisa au ya kumi. Akaja moja kwa moja dirishani kwangu, akapiga saluti.

"Mama, leseni."

"Sina, afande."

"Huna leseni, na unasoma kitabu?"

"Ndiyo, afande. Kinahusu gari hili hili."

Nilimwona anavyotafuta kosa la kuanza nalo, yamekuwa mengi mno. Mume wangu akainama kutoka upande wa pili, akanong'ona, "Afande, dereva ni mimi."

"Kwa nini unanong'ona?"

"Vioo," akasema mume wangu.

Askari akalizunguka gari lote, akauona usukani, akaurudia tena kuuhakikisha. Akarudi kwangu. "Sasa wewe mama unaendesha nini?"

"Naendesha kitabu," nikamjibu.

Akatuacha twende. Nadhani alitaka tu tuondoke machoni pake.

Wakati huo mdogo wangu wa kiume alikuwa amepata mchumba Dimani. Siku ya harusi ilipokaribia, kwetu Ikwiriri wakakodi lori la kuwabeba ndugu, masufuria na mchele. Mume wangu alikuwa ameeleza mapema kwamba masufuria ni mzigo, na gari lake halijafika kwenye mizigo. Alimkaribisha mama yangu mzazi akae mbele pamoja nasi, lakini mama alikuwa ameshalipanda mara moja. "Sipandi tena gari lenye kwikwi," akasema.

Asubuhi ya harusi lori likapita Kibiti, watu wakanywa chai kwetu, wakatangulia. Sisi tukafuata. Mita ya gari ilikuwa inasoma kilomita mia tisa themanini. Mume wangu alikuwa amevaa kanzu mpya na ana furaha ya mtu ambaye siku yake ya uhuru inaonekana kwa mbali.

Nusu ya njia ya kwenda Dimani tukalikuta lori limesimama kando, limefunuliwa boneti. Watu walikuwa wamekwisha shuka. Bwana harusi amekaa juu ya gunia la mchele na kanzu yake imepandishwa isichafuke. Mama yangu amekaa juu ya sufuria kubwa la pilau lililopinduliwa kifudifudi, amejitandaza vizuri, kama mtu aliyekwisha kubali kwamba atazeekea pale.

Dereva wa lori, mzee mwembamba mwenye miwani ya kioo kimoja, akamjia mume wangu mbio. "Bwana, afadhali umekuja. Una kamba?"

"Leo sina," akasema mume wangu. "Wanakuja kesho na boti ya Salale."

"Kamba ya kuvutia, bwana! Injini imekufa. Utuvute."

Mume wangu akatazama lori. Akatazama mita yake kwa dirishani. Nilimjua, nikajua atakachosema, nikatamani ardhi inifunike.

"Haiwezekani," akasema. "Bado kilomita kumi na mbili."

"Mpaka Dimani?"

"Mpaka gari liruhusiwe kuvuta."

Mdogo wangu akashuka kwenye gunia. "Shemeji," akasema kwa adabu kubwa, "shehe ananingoja baada ya sala ya adhuhuri. Ana harusi nyingine. Nikichelewa anaondoka."

"Shemeji yangu, mimi nakupenda sana," mume wangu akamjibu, "lakini kitabu ndivyo kilivyosema. Si maneno yangu. Muulize dada yako."

Macho yote yakanigeukia. Nikachukua kitabu, nikakifungua katikati, penye picha ya tairi. Nikajikohoza.

"Kuna ukurasa wa dharura," nikasema. "Sikuwahi kukusomea. Unasema, gari jipya lisivute kitu chochote kabla ya kilomita elfu moja." Nikamtupia jicho mama. "Isipokuwa wakwe."

Mume wangu akakunja uso. "Wazungu wanajua wakwe?"

"Wana wake. Kwa hiyo wana wakwe."

Akafikiri. Naapa alikuwa anakaribia kukubali. Alikuwa ameshaugeukia mlango wa gari aliposogea mpambe wa bwana harusi, kijana aliyekuwa karani bandarini, Dar es Salaam, amevaa suti na miwani ya jua. "Hebu nikione," akasema, akakichukua kitabu mikononi mwangu kabla sijajua la kufanya.

Akasoma kwa kidole. Akageuza ukurasa. Akarudi nyuma. "Hapa pana tairi," akasema. "Wakwe hawamo."

Mume wangu akanitazama. Halafu nikaona wazo linamwingia, polepole, kama maji yanavyoingia kwenye mtumbwi.

"Angalia na hili," akamwambia mpambe. "Dereva asipaze sauti, vioo vitaregea. Liko ukurasa gani?"

Mpambe akasoma kitabu kizima, au ndivyo nilivyoona mimi. Mama yangu kule kwenye sufuria alikuwa amejifunika mdomo kwa kanga.

"Halimo," akasema mpambe.

"Na la kuvuta lipo?" mume wangu akauliza haraka.

"Lipo. Kilomita elfu moja. Wameliandika kwa wino mzito."

Mume wangu aliingia ndani ya gari, akafunga mlango. Akapandisha kioo cha kushoto, akajinyoosha akapandisha na cha kulia. Halafu akafungua kinywa.

Sisi nje tulisikia kama mvumo wa nyuki ndani ya mzinga. Lakini tulimwona. Alitoa makaripio yote ya wiki tatu, kwa mpangilio, hakuruka hata moja. Nilimtambua mwenye baiskeli wa stendi kwa namna mume wangu alivyokata mkono mbele ya uso wake. Nikamtambua mbuzi. Nikalitambua lori la chumvi. Mshipa wa shingo ulimtoka, kofia ikamhama upande. Mwisho akageuka akaninyooshea kidole mimi, kupitia kioo, na hapo alikaa muda mrefu kuliko kote. Wanawake wa harusi wakasogea kumtazama vizuri. Mmoja akaniuliza, "Anaomba dua?" Nikamwambia ndiyo.

Alipomaliza akapangusa uso, akarudisha kofia, akagonga kioo kwa kifundo cha kidole kila upande. Akafungua mlango akatoka. Uso wake ulikuwa umetulia kama wa mtu aliyetoka kuoga.

"Vizima," akasema. "Sasa tumalize hizo kumi na mbili."

Mbele yetu, mwendo wa kilomita moja hivi, palikuwa na kalavati. Akaamua kwenda kalavatini na kurudi, mara sita. Nikapanda naye, kwa sababu sikuwa na uso wa kubaki.

Raundi ya kwanza tulipolipita lori, mume wangu alipunguza mwendo, akatoa kichwa. Mkwe ni mkwe. Huwezi kumpita bila kumwamkia. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba," akajibu mama.

Tukageuza. Tukaenda kalavatini, tukarudi. "Shikamoo, mama." "Marahaba." Mwendo ulikuwa ule ule wa kitabu, mbio na taratibu, mbio na taratibu, na wanawake wakaanza kuufuata kwa makofi. Aliyekuwa na ngoma akaishusha kutoka kwenye lori. Tulipokwenda mbio ngoma ilikwenda mbio. Tulipotambaa, nayo ikatambaa. Kila tukipita walihesabu kwa sauti kilomita zilizobaki. Watu wa mashamba ya karibu wakaja na majembe yao wakidhani harusi ndiyo hii, wakasimama kungoja chakula.

Raundi ya nne mama yangu aliinua mkono kabla hatujafika. "Nimekupa marahaba za mpaka Ijumaa," akasema. "Pita tu, mwanangu. Pita."

Alipita, lakini alimwinamia.

Kilomita ya mwisho ndiyo iliyoleta balaa. Mita haikutimia mbele ya lori kama alivyopanga. Tulilipita lori, watu wakaanza kupiga kelele, na tarakimu bado zinajivuta. Tukaendelea, hatua mia, hatua mia mbili, ndipo zikageuka zote kwa pamoja, moja na sifuri zake tatu. Mume wangu akasimamisha gari, taratibu, kama kitabu kinavyotaka. Akainua mikono akashukuru.

"Haya, rudi nyuma tukalifunge," nikamwambia.

"Wapi! Nikirudi nyuma nayo itarudi. Itasoma tena mia tisa tisini na tisa."

"Si hatua mia mbili tu hizo?"

"Nimekwisha kusikiliza ya kutosha, Mwalimu."

Akaligeuza pale pale kwenye mchanga, mbele na pembeni, pembeni na mbele, bila kutumia gia ya nyuma hata mara moja, akakanyaga shamba la watu la mihogo. Mwenye shamba alikuwa pale pale na jembe lake. Alikuwa anapiga makofi.

Ikabaki kamba. Walileta ya katani iliyofungia magunia. Mzee wa lori akaivuta kwa mikono miwili ikakatika. Wanawake wakatoa kanga wakazisokota. Akazitazama akatikisa kichwa. Mdogo wangu akaanza kuangalia jua.

"Mnyororo huna, mzee?" mume wangu akauliza.

Mzee akavua miwani yake ya kioo kimoja, akaifuta. "Ninao," akasema kwa sauti ya chini. "Umo chini ya kiti. Lakini ni mpya. Haujatumika bado."

Watu walitaka kumpiga. Bwana harusi mwenyewe ilibidi ashikwe. Mume wangu peke yake ndiye aliyemwelewa. Akamshika mzee bega, wakaenda pembeni, wakazungumza kwa muda, sijui waliambiana nini, na mzee akarudi na mnyororo bado una karatasi ya dukani.

Tukavuta. Sikuwa nimewahi kuisikia injini ile ikifanya kazi. Mnyororo ulikaza, gari likainama nyuma kidogo kama mtu anayejitwisha, na lori zima, na masufuria, na mchele, na ndugu zangu ambao walikuwa wamekwisha panda tena bila kuambiwa, likaanza kusogea. Mume wangu alisema Bismillahi, na macho yake yalikuwa na maji. Sikumcheka. Mimi nilikuwa nimegeuka nyuma kumwangalizia, na mzee wa lori kule kwenye usukani wake alikuwa ametoa macho kwa ajili ya mnyororo.

Mteremko wa kuingilia Dimani ndio uliotushinda. Lori lililokufa injini lilikuwa na breki hafifu, na lilipoona mteremko likapata ari. Mnyororo ukalegea. Nikasema, "Linakuja." Mume wangu akasema, "Naliona." Nikasema, "Linakuja, baba watoto!" Likaja. Lilitugonga nyuma mara moja, si kwa nguvu, kama mtu anayekuomba umpishe. Halafu likatugandama, tukaingia Dimani tumesukumana namna hiyo, honi mbili, ngoma juu, vumbi mpaka msikitini. Watu wa upande wa bibi harusi walikuwa wamepanga kununa kwa kuchelewa kwetu. Walisahau. Shehe alikuwa ameshavaa viatu kuondoka, akavivua.

Ndoa ikafungwa. Nilimkuta mume wangu baadaye nyuma ya gari, amechuchumaa, anapitisha kidole kwenye bonyeo la bampa, dogo, ukubwa wa kikombe cha kahawa. Nikajiandaa kukaripiwa, maana sasa hapakuwa na kitabu cha kunilinda, na nilistahili.

"Halikuingia kwenye chesisi," akasema. Akanyanyuka. "Kuna pilau?"

Siku hiyo jioni alichana nailoni ya viti vyote kwa kisu cha jikoni. Wiki iliyofuata tukamwaga oili ya kwanza. Nilimsomea ukurasa wake neno kwa neno, naye akaenda kumuuliza mwalimu mkuu wangu, akarudi kwa mwalimu wa hesabu, ndipo akaingia chini ya gari na spana. Ile oili nyeusi hakuitupa. Alipaka nguzo za banda lote la uani kwa ajili ya mchwa, na kwa mwezi mzima hatukuweza kuegemea kitu.

Halafu akafukuza kuku kwenye tela, akalifunga nyuma ya gari, tukaenda Nyamisati, mimi nikiwa likizo. Kuvuta tela kwenda mbele alikuwa amejiandaa. Kurudi nalo nyuma hakuna aliyemwambia. Pale gatini alitakiwa kulisogeza mpaka ukingoni boti zipakue, na kila alipokata usukani kushoto tela lilikwenda kulia, na alipokata kulia likajikunja likamtazama dirishani. Wavuvi wa Salale walikuwa wamekaa kwenye boti zao, maji yanapungua, wanamwelekeza wote kwa pamoja, kila mmoja upande wake. Alifungua vioo vyote na kuwajibu kwa sauti yake kamili, na mimi nilikaa mle ndani nimeziba masikio.

Saa nzima ilipopita, nahodha mmoja mnene alishuka kwenye maji, akaja akang'oa pini ya tela kwa mkono. Watu wanane wakalisukuma mpaka ukingoni, wakapakia, wakalisukuma mpaka kwenye gari, wakalifunga. Haikuchukua robo saa. Mume wangu akawashukuru kwa hasira. Tukarudi Kibiti barafu imeyeyuka nusu, na kamba wote wazima, isipokuwa wale tuliowachoma pale pale gatini na nahodha na wenzake, tukala kwa mikono juu ya boneti.